MAISHA YA APOLLON, MUTU ALIYESHINDA KWA VIDOLE



Hapa Kolwezi, jua likianza kushuka, kuko vijana wengi wanaoinua vyuma nyuma ya nyumba. Wamoja wako na vyuma vya kununua. Wengine wamechukua bomba la chuma, wakamwanga simenti katika makopo mawili, moja huku na moja kule, na kazi inaanza. Na pahali pote ambapo vijana wanainua vyuma, mabishano ni yale yale: mabishano ya mukaba.

Kwa wale wasioujua, mukaba huu ni kipande cha kitambaa kigumu ao cha ngozi. Mutu anaufunga kwa kifundo cha mukono, kisha anauzungusha mara mbili tatu kwenye fimbo ya chuma. Vidole vikichoka, mukaba unabaki kukamata. Wamoja wanasema: ni akili, kwa maana mugongo na miguu viko na nguvu kupita vidole, sasa kwa nini vidole vizuie kazi? Wengine wanasema: ni udanganyifu, kwa maana muzigo usioweza kuukamata si muzigo wako.

Ili tusibishane bure, leo katika ukurasa huu tutasoma maisha ya mutu mumoja aliyekufa zamani, ambaye jina lake lingali linatajwa pahali pote ambapo watu wanazungumza juu ya nguvu ya kukamata. Jina lake la kuzaliwa ni Louis Uni. Ulimwengu ulimujua kwa jina la Apollon.

1. KUZALIWA NA UTOTO WAKE

Louis Uni alizaliwa mwaka wa 1862 katika Marsillargues, muji mudogo wa kusini ya Ufaransa, upande wa Montpellier. Ni inchi ya mashamba ya mizabibu. Watu wa jamaa yake walikuwa warefu na wenye miili mikubwa, naye akawafuata. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na kitu, tayari alikuwa anapita watu wazima wengi kwa urefu na uzito.

Wakati ule hakukuwa radio wala sinema. Furaha ya watu wa vijiji ilikuwa kungoja sirki ipite. Sirki ni kundi la watu wa michezo wanaosafiri na hema kubwa, na farasi, na wanyama, na watu wa kuruka, na watu wa nguvu. Louis alipoona watu wa nguvu, moyo wake ukashikwa. Wanasimulia kwamba alikuwa na miaka 14 hivi alipotoroka nyumbani na kufuata sirki. Baba yake akamufuata na kumurudisha. Lakini haikuzuru kitu: nyuma ya wakati alirudi kwenye kazi ile, na safari hii hakuna mutu aliyemurudisha.

Alisafiri katika miji mingi ya Ufaransa na ya inchi nyingine za Ulaya. Akajipa jina la Apollon, ambalo ni jina la mungu mumoja wa Wayunani wa zamani, ambaye wachonga sanamu walizoea kumuonyesha kama kijana wa mwili muzuri. Watu wa kazi ile walipenda majina makubwa, kwa maana jina njo lilikuwa linaleta watu kwenye mulango na kuwafanya walipe.

2. MIKONO YAKE

Apollon alikuwa na urefu wa karibu metre 1,90, na uzito wake ulipita kilo 100. Lakini watu wakubwa walikuwa wengi. Kilichomutenga na wengine ni mikono yake, tangu kiwiko mpaka ncha ya vidole.

Hapa ni lazima tusimame kidogo tuelewe mukono unafanya kazi namna gani. Mutu asizani kwamba nguvu ya vidole inakaa ndani ya vidole. Nyama nyingi zinazofunga vidole ziko katika sehemu ya mukono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Kutoka pale kamba nyembamba na ngumu zinapita katika kifundo na kwenda kufungwa kwenye mifupa ya vidole. Nyama ikivuta, kamba inavuta, kidole kinakunjika. Ukitaka kuona, weka mukono wa kuume juu ya mukono wa kushoto, karibu na kiwiko, kisha funga na ufungue ngumi ya kushoto. Utasikia nyama zinatembea.

Kitu cha pili ni kidole gumba. Ukikamata fimbo nyembamba, vidole vine vinazunguka upande mumoja, gumba linakuja upande wa pili na kuvifunga kama kufuli. Lakini fimbo ikiwa nene, gumba halifiki tena kwa wenzake. Kufuli inakuwa wazi, na vidole vinafunguka upesi hata kama mugongo ungali na nguvu. Fimbo ya chuma ya mashindano ya wanaume iko na unene wa milimetre 28, ile ya wanawake milimetre 25. Apollon alipenda vyuma vinene kupita hapo. Vyuma vyake vingi vilikuwa na pahali pa kukamata panene sana, hata watu wengine wa nguvu, wenye miguu mizuri na migongo mizuri, walikuja kujaribu na kuviacha pale chini.

Kumbe, vyuma vile havikuwa kila mara vizito kupita nguvu ya miili yao. Vilikuwa vinene kupita nguvu ya vidole vyao. Muzigo wote wa kuvuta kutoka chini unapita katika vidole kwanza. Vidole vikikataa, nguvu ya mugongo haina njia ya kutokea.

Na kwetu hapa, watu wa zamani walijua jambo hili bila kusoma kitabu. Katika miaka ile ile ambayo Apollon alikuwa anaonyesha nguvu zake Ulaya, Msiri alikuwa angali mufalme kule Bunkeya, mpaka alipouawa mwaka wa 1891. Wafua shaba wa inchi hii walikuwa wanayeyusha mawe ya shaba, wanaimwanga katika mufano wa musalaba, na Bayeke walikuwa wanavuta shaba ndani ya kitundu cha chuma mpaka inakuwa waya mwembamba. Kuvuta waya namna ile ni kazi ya mikono inayokamata. Mutu wa vidole zaifu hakuweza kuifanya.

3. HABARI YA VYUMA VYA GEREZA

Mumoja wa michezo ya Apollon iliyopendwa sana ulikuwa hivi. Walisimamisha mbele ya watu vyuma kama vya dirisha la gereza. Yeye alikuwa kama mufungwa. Alikamata chuma kimoja huku na kingine kule, akavipinda kwa mikono mpaka nafasi ikapatikana, kisha akapitisha mwili wake na kutoka nje. Watu walipiga makofi sana.

Inasimuliwa kwamba usiku mumoja, wakati wa safari yake Uingereza, vyuma vilikuwa vipya, na mufua chuma alikosea kazi. Pahali pa kuacha chuma kikiwa laini, alikikaza kwa moto na maji, kama vile watu wanavyokaza ncha ya sululu. Apollon hakuambiwa. Alipovuta, chuma hakikusikia. Watu walianza kucheka na kupiga kelele. Yeye akavuta tena na tena, jasho likatiririka, mpaka mwisho chuma kikapinda na akatoka. Lakini alikuwa amechoka kabisa, hakuweza kuendelea na michezo mingine usiku ule.

Kama habari ilikwenda hivi kwa kila neno ao waliyoisimulia waliongeza chumvi kidogo, sisi tunapokea fundisho lake. Alikuwa na vyuma vya kazi ya kila siku, na siku moja kikaja chuma kisicho cha kila siku, bila kumupigia hodi. Siku ile mutu anatumia nguvu aliyo nayo katika mikono yake tu. Hakuna wakati wa kwenda kutafuta chombo cha kumusaidia.

4. MAGURUDUMU YA RELI

Sasa tunafika kwenye kitu kilichoendeleza jina la Apollon mpaka leo. Kati ya vyombo vyake kulikuwa magurudumu mawili ya behewa la reli pamoja na chuma kinachoyaunganisha. Uzito wote ulikuwa kilo 166. Kipimo cha kila gurudumu, toka ukingo mpaka ukingo, kilikuwa karibu santimetre 66. Na chuma cha katikati, kile cha kukamata, kilikuwa na unene wa milimetre 49. Tulinganishe na milimetre 28 za fimbo ya mashindano: ni karibu mara mbili.

Sisi watu wa Kolwezi tunajua reli. Njia ya kutoka Tenke mpaka Dilolo ilimalizika mwaka wa 1931, na tangu wakati ule shaba yetu ilipata njia ya kwenda mpaka bahari kule Lobito. Kwa hiyo mwenye kutazama behewa vizuri anajua jambo hili: gurudumu la reli si kama gurudumu la kinga. Gurudumu la kinga linazunguka, na chuma cha katikati kinabaki kimya. La reli limekazwa kwenye chuma chake, vyote vinazunguka pamoja.

Njo maana kile chuma cha Apollon kilikuwa kigumu namna ile. Mutu akiinua fimbo ya kawaida mpaka kwenye mabega, mikono inageuka, na fimbo inazunguka pole ndani ya vyuma vya pembeni. Hapa haiwezekani. Ukigeuza mikono, unapaswa kugeuza pamoja nayo magurudumu mawili mazito. Yanakataa, na chuma kinateleza katika vidole. Muzigo ni mumoja, matata ni matatu: uzito, unene, na kukataa kuzunguka.

Apollon alikiinua kutoka chini mbele ya watu. Kama alikifikisha juu ya kichwa na kukisimamisha pale, watu wa muchezo huu wanabishana mpaka leo, wamoja wanasema ndiyo, wengine wanakataa. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba wengi waliojaribu nyuma yake walishindwa.

5. KOSA LAKE NA MWISHO WAKE

Tusimufanye Apollon kuwa mutu asiye na kosa. Mwalimu mumoja Mufaransa wa mazoezi ya mwili, Edmond Desbonnet, ambaye alimujua vizuri na mwaka wa 1911 alitoa kitabu juu ya wafalme wa nguvu, alimuhesabu kati ya wenye nguvu kupita wote. Lakini waliomujua wanapatana pia kwamba alikuwa muvivu wa mazoezi. Alifanya tu kile ambacho muchezo wa usiku ulidai. Nguvu yake aliipokea kwa kuzaliwa, na hakutafuta kujua mwisho wake uko wapi.

Tena alizoea kutumaini mikono yake kupita mupaka. Mumoja wa michezo yake ulikuwa kuzuia motokari mbili zinazovuta, moja huku na nyingine kule, yeye katikati. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba katika mwaka wa 1913, alipokuwa tayari na miaka zaidi ya 50, muchezo huu ulimuumiza sana, nyama za mukono wake zikapasuka. Nyuma ya hapo nguvu yake haikurudi kama zamani. Alikufa katika mwaka wa 1928.

Hapa wale wanaopenda mukaba wasifurahi upesi, na wale wanaoukataa wasinyamaze. Kuumia kwake kunatufundisha pande zote mbili. Mukono wenye nguvu kupita yote uko na mupaka. Na mutu aliyefungwa kwa muzigo ambao hawezi kuuacha yuko katika hatari kubwa.

6. WALIOKUJA NYUMA YAKE

Magurudumu hayakuzikwa pamoja naye. Mwaka wa 1930 katika Paris, Mufaransa Charles Rigoulot, aliyepata medali ya zahabu katika michezo ya Olimpiki ya 1924, aliyafikisha mabegani na kuyasukuma juu ya kichwa.

Miaka 19 ikapita. Mwaka wa 1949 akaja John Davis, mutu mweusi wa Marekani aliyelelewa New York, mushindi wa Olimpiki ya 1948, na kisha tena ya 1952. Davis alikuwa na nguvu za kutosha, lakini alikuwa na shida moja: mikono yake ilikuwa midogo kwa chuma kile. Hakuweza kukifunga kwa gumba. Alijaribu na chuma kikamutoka. Sasa alifanya nini? Hakujifunga kwa chuma. Alikamata mukono mumoja kwa juu na mwingine kwa chini, ili chuma kikitaka kuzungukia huku, mukono wa pili unazuia. Alipokivuta na kukifikisha juu, katika dakika ndogo ile chuma kilipokuwa chepesi hewani, aligeuza mukono wa pili upesi na kukipokea mabegani. Kisha akakisukuma juu. Huyu alishinda kwa mikono midogo, kwa zoezi na kwa akili.

Mwaka wa 1954, katika Lille, Mwamerika mwingine, Norbert Schemansky, akaviinua pia, tena zaidi ya mara moja.

Kwa sisi wanafunzi, Davis ni mufano muzuri kupita Apollon. Si kila mutu anazaliwa na mikono kama ya Apollon, lakini kila mutu anaweza kujifunza kukamata.

7. SASA TUSEME NINI JUU YA MUKABA?

Kwanza, haki yake. Mukaba si zambi. Mutu aliyekwisha kuchosha vidole vyake kwa kazi ya kweli, na bado anataka kuzoeza mugongo, anaweza kuutumia mwishoni. Vilevile yule ambaye ngozi ya kiganja imepasuka. Wachezaji wakubwa wanautumia katika mazoezi. Na katika mashindano kadhaa ya watu wa nguvu unakubaliwa.

Pili, mupaka wake. Katika mashindano ya Olimpiki ya kuinua vyuma, kujifunga kwa fimbo ni mwiko. Kijana aliyezoea mukaba tangu siku ya kwanza atafika pale na mugongo wa mutu muzima na vidole vya mutoto. Mukaba ni kama deni: unakusaidia leo, lakini hauongezi kitu katika mufuko wako.

Tatu, hatari yake. Usijifunge kamwe ukiwa unainua chuma mpaka mabegani. Chuma kikishindikana, mutu asiyefungwa anafungua vidole na kuruka nyuma. Aliyefungwa anaanguka pamoja na chuma, na kifundo ao kiwiko kinaweza kuvunjika.

Nne, maisha yetu. Katika Lualaba, kazi nyingi za nguvu hazina mukaba. Muchimbaji anayeshuka katika shimo kwa mikono na miguu hajafungwa kwa udongo. Anayebeba mufuko wa mawe, anayepiga nyundo, mama anayetwanga mahindi ya bukari, wote wanaishi kwa vidole vyao. Kidole kikifunguka katika shimo, hasara si ya kushindwa muchezo tu, ni ya maisha.

8. NAMNA YA KUZOEZA MIKONO

Hakuna haja ya franka nyingi. Jaribu hivi:

a) Bidoni mbili za maji, kila moja ya litre 20, ni kilo 40 kwa jumla. Zibebe, moja kila mukono, tembea na mugongo sawasawa. Hesabu hatua zako. Juma linalofuata ongeza hatua chache. Wasichana wengi wa masomo yetu wamefanya zoezi hili tangu utoto bila kuliita zoezi. Vijana, musiwacheke, mushindane nao kwanza.

b) Ning'inia kwenye tawi nguvu la muti wa maembe ao kwenye chuma. Anza na kuhesabu mpaka 10, kisha 20, kisha 30. Usiruke kushuka, shuka pole.

c) Zungusha kitambaa kwenye fimbo yako ya chuma mpaka inenepe. Sasa uko na fimbo ya Apollon. Punguza uzito kwanza, kwa maana itakushangaza.

d) Ukifua nguo, kamua zile nzito kwa nguvu, mara kwa mukono wa kuume, mara kwa wa kushoto.

Fanya hivi mara mbili ao tatu kwa juma, si kila siku. Nyama zinapata nguvu upesi, lakini zile kamba za vidole zinakawia. Ukisikia maumivu karibu na kiwiko yanayorudi kila mara, pumzika mpaka yaishe. Usiyafunike kwa mukaba.

Basi, kwa wale wanaobishana kila magaribi, shauri letu ni hili. Inua kwanza kwa mikono mitupu mpaka vidole viseme basi. Andika uzito ule katika kaye yako, maana ule njo uzito wako wa kweli. Kama nyuma ya hapo ungali unataka kazi ya mugongo, funga mukaba, vuta kutoka chini tu, na usiandike uzito wa mukaba pamoja na ule wa mikono. Nyuma ya miezi mitatu linganisha hesabu zote mbili. Ikiwa ile ya mikono inapanda, uko katika njia nzuri. Ikiwa ile ya mukaba peke yake inapanda, acha mukaba nyumbani kwa muda, urudilie bidoni.